Injini ya Trekta Imechoka: Uifumue Sasa au Umalizie Msimu?



Leo tuongee habari ya injini, na naanza na kosa langu mwenyewe.

Mwaka juzi, mwezi wa nane, alikuja ofisini mama mmoja, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama 12 wanaomiliki trekta moja, Massey Ferguson 240 la zamani. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa.

"Mwanangu," akasema, "trekta letu linakula oili. Zamani tulikuwa tunaongeza kidogo, sasa dereva anaomba oili kila baada ya siku mbili. Tufungue injini au tusubiri?"

Nikamuuliza, inawaka vizuri? Inawaka. Inavuta? Inavuta. Nikamjibu, "Basi Mama, malizieni msimu kwanza. Injini inayovuta haifunguliwi." Nilisema kwa kujiamini kabisa, kama mtu aliyepima. Sikuwa nimepima kitu.

Katikati ya Desemba, mvua imeshakolea, trekta likiwa kwenye shamba la mteja wa tisa, injini ilianza kugonga. Dereva akadhani ni jiwe limebana kwenye jembe, akaongeza mafuta. Ikagonga tena, ikanoki. Mkono wa pistoni ulikatika ukatoboa ubavu wa bloku. Tulipochomoa kijiti cha oili, hakikuwa na tone. Siku ile dereva alikuwa hajaongeza, kwa sababu duka lilikuwa limefungwa.

Kikundi kilikuwa kimeshapokea malipo ya awali kutoka kwa wakulima 21, na hela imeshaingia kwenye dizeli na mbegu. Wengine walirudi kwenye jembe la mkono, wengine walipanda alizeti badala ya mahindi kwa sababu siku zilikuwa zimeshapita. Yule mama hakunigombeza. Alinikuta njiani akasema tu, "Bwana shamba, ile injini imevuta mpaka mwisho." Siku hiyo hakuniita mwanangu.

Tangu hapo nimejipa kazi ya kulijua vizuri lile swali lake. Niliyoyapata ndiyo haya.

Kufumua injini maana yake nini

Watu wengi wanachanganya. Kubadilisha gasketi ya hedi si kufumua injini. Kusaga valvu si kufumua injini. Hata kuingiza ringi mpya kwenye laina zilizokwisha si kufumua, hiyo ni kuahirisha tatizo.

Kufumua ni kuishusha injini, kuifungua yote, kupima kila kinachosuguana na kurudisha vipimo vya kiwandani. Tuchukue hiyo MF 240. Nyingi zina injini ya Perkins AD3.152. Namba 3 ni silinda tatu, na 152 ni ukubwa wake kwa inchi za ujazo, sawa na lita 2.5 hivi. Laina zake ni kavu, yaani zinapigwa kwa nguvu ndani ya bloku na maji hayazigusi. Ukifumua unabadilisha laina, pistoni, ringi, beringi za kranki na za mikono ya pistoni, unapima kranki na ikibidi inakatwa, unatengeneza valvu na gaidi zake, unakagua pampu ya oili, unapima nozeli na unaweka gasketi mpya zote.

Hiyo ni hela nyingi. Kwa mkulima wa kawaida ni ng'ombe kadhaa. Ndiyo maana uamuzi wake haufai kufanywa kwa kusikiliza mlio tu au kwa kutazama moshi ukiwa umesimama barabarani.

Nilichoambiwa na fundi wa ndege

Mwezi wa nne uliofuata, mtama ukianza kukomaa, kweleakwelea waliingia kwa wingi, ikaletwa ndege ndogo ya kunyunyizia dawa. Mimi nilikuwa kwenye timu ya kuonyesha maeneo wanayolala ndege hao. Asubuhi moja nilikaa kivulini na fundi wa ile ndege, mtu aliyefanya kazi miaka mingi kwenye ndege ndogo za injini za pistoni. Nikamuuliza, "Fundi, ninyi mnajuaje kwamba injini imefika mwisho? Maana ikizima huko juu hakuna pa kuegesha."

Akacheka. "Bwana shamba, sisi hatusubiri injini ituambie. Tunaiuliza mara kwa mara, na majibu tunaandika."

Akanieleza hivi. Injini ya ndege ndogo ina saa ambazo mtengenezaji anapendekeza ifumuliwe. Lycoming, kwa mfano, kwa injini zake nyingi za silinda nne anataja saa 2,000, au miaka 12, kipi kitangulie. Nikashangaa hiyo miaka. Ndege ikikaa bila kuruka, itachakaaje? Akasema kukaa ndiko kunakoiua. Unyevu unaingia, oili inashuka yote chini, chuma kinaachwa uchi na kutu inaanza ndani usikoona. Nikayakumbuka matrekta yetu yanayoegeshwa chini ya mti Februari na kuamshwa Novemba.

Lakini hizo saa 2,000 si kwamba ikifika 2,001 inakufa. Ndege za biashara mara nyingi zinabanwa na sheria. Marekani, mtu mwenye ndege yake binafsi anaruhusiwa kuendelea kuruka zaidi ya hapo, mradi ukaguzi unaonyesha injini bado iko salama. Anaangalia nini? Mambo matatu makubwa: oili inayotumika kwa saa, chuma kinachonaswa kwenye filta ya oili, na uwezo wa kila silinda kubana hewa.

Hicho cha mwisho kilinivutia zaidi. Wanaingiza hewa ya kompresa kwenye silinda kwa nguvu ya paundi 80 kwa inchi ya mraba, pistoni ikiwa juu kabisa na valvu zimefungwa, halafu wanasoma ni kiasi gani silinda imeweza kushika. Ikishika 72 wanaandika 72 juu ya 80. Mwaka unaofuata wanaandika tena. Namba moja peke yake haiwaambii mengi. Inayowaambia ni namba inayoshuka mwaka hadi mwaka.

Kwetu hakuna sheria ya kumsimamisha mtu mwenye trekta. Kuna yeye na dereva wake tu. Lakini njia ni ile ile, na vifaa vyake havipiti uwezo wetu.

Kuwahi nako ni hasara

Baada ya lile tukio la Desemba nilitaka kuwa mtu wa kusema "fumueni wote". Hilo nalo ni kosa.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwanasayansi wa Uingereza anayeitwa C. H. Waddington alikuwa kwenye timu iliyochunguza matengenezo ya ndege za jeshi zilizokuwa zikiwinda nyambizi. Ndege hizo zilikuwa na ukaguzi kila baada ya saa 50. Ungetegemea zikitoka kwenye ukaguzi ziwe nzima zaidi. Kumbe hitilafu za ghafla zilikuwa nyingi zaidi mara tu baada ya ukaguzi, halafu zikapungua jinsi saa zilivyokwenda. Kule kugusa vitu vilivyokuwa vizima kulikuwa kunaleta ubovu mpya.

Sasa fikiria gereji zetu. Injini inafunguliwa chini ya mwembe, vumbi linapeperuka, boliti zinakazwa kwa kukadiria, na spea nyingine feki. Injini iliyokuwa na maisha ya misimu mitatu inaweza kutoka hapo na maisha ya mwezi mmoja. Kwa hiyo usifungue injini kwa sababu ni ya zamani, wala kwa sababu jirani kafungua yake. Fungua kwa sababu vipimo vimekuambia.

Daftari la dereva

Nunua daftari la kawaida na kalamu, vifunge kwa kamba, viwe mali ya trekta. Kila siku ya kazi dereva aandike mambo manne:

1. Saa. Zisome kwenye mita ya saa. Kwenye matrekta ya zamani mita hiyo inaendeshwa na kebo kutoka kwenye injini. Kebo ikikatika mita inasimama, na trekta la saa 9,000 litaonekana la saa 4,000. Kama mita imekufa, andika muda wa kuwasha na kuzima.

2. Dizeli iliyowekwa, kwa lita.

3. Oili iliyoongezwa, kwa lita. Pima asubuhi, injini ikiwa baridi na trekta limesimama sehemu tambarare. Si "nimeongeza kidogo". Tumia chupa yenye alama.

4. Presha ya oili injini ikiwa imepata moto, kama geji yako inafanya kazi.

Baada ya wiki mbili una kitu cha kuzungumza na fundi. Kipimo ninachotumia mimi ni kulinganisha oili na dizeli. Ikiwa kwa saa kumi trekta limetumia lita 50 za dizeli, asilimia 1 yake ni nusu lita. Oili ikiwa chini sana ya hapo, huna wasiwasi. Ikikaribia hapo, anza kuchunguza. Ikipita na inaendelea kupanda wiki hadi wiki, injini inakuomba uweke hela kando.

Kuwa makini na jambo moja. Oili ikiwa haipungui kabisa, au inaongezeka, usifurahi. Pampu ndogo inayovuta dizeli kutoka tangi ina utando ndani. Ukichanika, dizeli inavujia kwenye oili. Kijiti kitaonyesha oili imejaa, kumbe ni oili iliyochujuka isiyoweza kulinda beringi. Nusa kijiti. Kikinuka dizeli, usiwashe tena mpaka umetengeneza pampu na kumwaga oili yote. Na kama oili imekuwa nyeupe kama chai ya maziwa, hayo ni maji. Kwa injini za laina kavu, kwanza shuku gasketi ya hedi au hedi yenye ufa.

Oili kuwa nyeusi peke yake si ugonjwa. Oili ya dizeli inageuka nyeusi mapema hata kwenye injini mpya, kwa sababu ya masizi.

Kabla ya kuihukumu injini, chunguza vitu vya bei ndogo

Oktoba iliyofuata nilipata nafasi ya kujisahihisha. Mzee mmoja, naye ana MF 240, aliniita. Trekta lilikuwa linatoa moshi wa bluu mzito tangu wiki iliyotangulia. Fundi alikuwa ameshamwambia ringi zimekwisha, injini ishushwe. Mzee alikuwa na maksai wawili wazuri, na mnunuzi alikuwa anakuja Jumamosi.

Nilimwomba daftari. Hana. Nikamuuliza, "Mzee, moshi umeanza pole pole au ghafla?" Akasema, "Ghafla tu, tangu tulipofanya sevisi."

Hapo nikasimama. Ringi haziishi kwa siku moja. Matrekta mengi ya aina hiyo yana chujio la hewa la oili, lenye bakuli chini. Hewa inapita juu ya oili, vumbi linanaswa. Bakuli lina alama ya kiwango. Tukalifungua. Kijana aliyefanya sevisi alikuwa amejaza oili mpaka karibu na mdomo, akidhani anaifanyia injini hisani, na injini ilikuwa inainywa ile oili kupitia njia ya hewa. Tulipunguza mpaka kwenye alama, tukafuta bomba, tukawasha. Moshi uliendelea kwa muda, ukapungua, kesho yake haukuwepo. Maksai wale bado wanalima.

Simlaumu yule fundi, kwani mimi mwenyewe mwaka mmoja nyuma nilihukumu injini bila kuigusa. Ila orodha hii naibandika ukutani:

- Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Kagua kwanza bakuli la chujio la hewa, na kama oili ya injini haikujazwa kupita alama. Moshi ukitoka asubuhi tu kisha ukaisha, mara nyingi ni gaidi za valvu. Ukitoka muda wote na kuzidi trekta linapovuta mzigo, hapo ringi na laina zinashukiwa.

- Moshi mweusi ni dizeli nyingi kuliko hewa. Kagua chujio la hewa lililoziba, nozeli, na kama dereva anavuta jembe zito kwa gia kubwa mno. Hauhusiani moja kwa moja na ringi.

- Moshi mweupe asubuhi ya baridi ni dizeli isiyoungua, ni kawaida kwa muda mfupi. Ukiendelea injini ikiwa na moto, kagua nozeli na muda wa kupiga dizeli. Na kama maji ya rejeta yanapungua bila kuvuja nje, kagua gasketi ya hedi.

- Kukosa nguvu kunaweza kuwa filta ya dizeli iliyoziba, hewa kwenye mfumo wa dizeli, au pampu. Filta haifiki hata sehemu ndogo ya bei ya laina moja.

- Kuwaka kwa shida kunaweza kuwa betri, nyaya zenye kutu au stata iliyochoka. Injini ya dizeli inawaka kwa joto la kubana hewa. Ikizungushwa pole pole, hata nzima haitawaka.

- Oili kupungua inaweza kuwa inavuja nje. Weka boksi lililofunguliwa chini ya trekta usiku kucha uone.

Hapo hapo kagua mpira unaounganisha chujio la hewa na injini. Ukipasuka, vumbi linaingia moja kwa moja. Vumbi letu la mwezi wa kumi ni kama msasa, linaweza kumaliza ringi na laina ndani ya msimu mmoja. Ukifumua injini bila kubadilisha huo mpira, umeitayarisha ifumuliwe tena.

Vipimo vya kumwomba fundi

Vitu vidogo vikiwa sawa na oili bado inaliwa, mwite fundi mwenye vifaa. Mwombe vitu vinne.

*Kwanza, kupumua.* Injini ikiwa na moto inaunguruma taratibu, angalia mrija wake wa kupumulia. Mvuke mdogo ni kawaida. Ikipumua kwa kusukuma moshi kama treni, au ikitema oili, mgandamizo unapita kando ya ringi.

*Pili, presha ya oili.* Mwambie afunge geji yake, asitegemee ya kwenye dashibodi. Kwa injini za ukoo huo za Perkins, vitabu vinataja paundi 30 hadi 60 kwa inchi ya mraba, injini ikiwa na moto na inazunguka kwa kasi yake ya juu. Ikishuka chini ya 30 wakati oili ni sahihi na haina dizeli, beringi au pampu ya oili zimechoka. Hili ni kubwa kuliko moshi. Injini inayotoa moshi inaweza kukusogeza msimu mmoja. Injini isiyo na presha ya oili haikupi hata siku moja.

*Tatu, mgandamizo wa kila silinda.* Nozeli zinatolewa, geji ya dizeli inafungwa pale, injini inazungushwa kwa stata. Silinda zote tatu zikishuka pamoja, ni uchakavu wa kawaida. Moja ikiachwa mbali na wenzake, ugonjwa ni wa hiyo moja, na pengine ni valvu tu.

*Nne, ile njia ya ndege.* Pistoni ikiwa juu kabisa, valvu zimefungwa, hewa ya kompresa inaingizwa kupitia tundu la nozeli. Kisha sikiliza inakotokea. Ikisikika kwenye mdomo wa kujazia oili, ni ringi na laina. Kwenye bomba la moshi, ni valvu ya kutolea. Kwenye njia ya hewa, ni valvu ya kuingizia. Mapovu kwenye rejeta, ni gasketi au hedi. Tahadhari: pistoni ikiwa imesogea kidogo, hewa hiyo inaweza kuizungusha injini ghafla. Hakuna mkono karibu na feni wala mkanda.

Wakati wa kubadilisha oili, mwambie pia aikate ile filta, aufungue ule utando wake kwenye karatasi nyeupe. Chembe za kung'aa zinazoshikwa na sumaku ni chuma. Zisizoshikwa, za rangi ya shaba au kijivu, mara nyingi zinatoka kwenye beringi. Chembe moja mbili si msiba. Zikiwa nyingi kiasi cha kuzihisi kwa vidole, simama.

Uamuzi: makapu matatu

Mimi sasa nagawa injini kwenye makapu matatu.

Simama leo. Injini inayogonga kwa ndani, presha ya oili imeshuka, oili ina maji, au filta imejaa vyuma. Hapa hakuna "nimalizie hizi ekari mbili". Ukisimama mapema, kranki inakatwa na bloku inabaki. Ukiendelea, unanunua injini.

Panga baada ya mavuno. Oili inaliwa na inapanda, injini inapumua, mgandamizo umeshuka pote, lakini presha ya oili ni nzuri na haigongi. Hii unaweza kuimalizia msimu kwa masharti: oili inapimwa asubuhi na mchana, galoni ya akiba inakaa kwenye trekta, mzigo unapunguzwa, na hela inaanza kutengwa kwa kila ekari. Trekta la kikundi cha akina mama lilikuwa kapu hili. Ningewaambia masharti haya Agosti ile, au wafumue pale pale kwa kuwa miezi mitatu ilikuwepo, leo ningeandika makala nyingine.

Endelea ukipima. Injini ni ya zamani, ina moshi kidogo asubuhi, lakini daftari linasema oili haijabadilika tangu mwaka jana. Usiiguse. Badilisha oili na filta kwa wakati, linda njia ya hewa, pima tena mwakani.

Huku kwetu Kanda ya Kati, ambako mvua ni msimu mmoja, vipimo vifanyike Juni au Julai, baada ya mavuno, wakati hela ipo na mafundi hawajabanwa. Agosti injini ifunguliwe, Septemba irudi. Ukifika Novemba na injini mezani, fundi atakuwa anakimbizwa na watu kumi, na wewe ni wa kumi na moja.

Hesabu kabla ya kuuza ng'ombe

Chukua namba hizi kama mfano tu, weka za kwako. Tuseme trekta linalima ekari 150 kwa msimu, na ukitoa dizeli na dereva unabaki na shilingi 20,000 kwa ekari. Hiyo ni milioni 3. Kufumua kukigharimu milioni 4 na nusu, kunarudi kwa msimu mmoja na nusu.

Sasa pima upande wa pili. Injini ikinoki ekari ya 50, umepoteza ekari 100, yaani milioni 2, kisha unahitaji bloku na kranki juu ya vile vya kufumua, na kuna hela za watu ulizokwisha kula. Ndiyo hesabu ya kikundi chetu.

Halafu jiulize la tatu: trekta lenyewe linastahili? Kama giaboksi inalia, haidroliki hainyanyui na matairi yameisha, injini mpya utaiweka kwenye mwili unaokufa. Hapo pengine ni busara kuuza lilivyo na kutafuta lingine.

Ukishafumua

Hapa ndipo wengi wanapopoteza. Usiiache injini mpya ikiunguruma bure saa nzima ukidhani unaibembeleza. Ringi zinakaa vizuri kwa mzigo wa wastani. Ipe kazi ya kuvuta tela kabla ya kulipa jembe la diski, na usiikamue mpaka mwisho saa za mwanzo. Badilisha oili na filta mapema, ifikapo saa 50 iwe imeshafanyika. Mwambie fundi arudi kukaza boliti za hedi na kurekebisha valvu kama kitabu cha injini kinavyotaka. Malipo ya mwisho mbakishie mpaka hiyo siku.

Andika kwenye daftari saa ilizofumuliwa na saizi ya beringi zilizowekwa. Fundi wa miaka kumi ijayo atakushukuru.

Kile kikundi kilipata injini iliyotumika, wakaifunga mwaka jana. Kabla hawajailipa, yule mama alinipigia simu niende. Tulipima mgandamizo wa silinda zote tatu, tukaandika ukurasa wa kwanza wa daftari jipya, limefungwa kwa kamba kwenye kiti cha dereva. Wiki iliyopita nimelipitia: saa 212, oili iliyoongezwa lita moja na robo. Mama akaniuliza, "Sasa hapo unasemaje, mwanangu?"

Nikamwambia, "Mama, mimi sisemi kitu. Tusome daftari."

Nawatakia maandalizi mema ya msimu. Mwenye trekta, pampu ya umwagiliaji au mashine ya kusaga, anza daftari lako kesho asubuhi kabla hujawasha.